Mabogini Hakuna Salamanda: Mgonjwa Kwanza, Jina la Mnyama Baadaye

Ilikuwa saa 6 usiku, katika majuma ya masika, mtoto wa miaka 9 alipoletwa kwetu kutoka Mabogini akiwa amefungwa kipande cha mpira wa baiskeli chini ya goti la kulia. Baba yake alishika kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa shingo. Ndani yake alikuwamo mnyama mnene kama kidole gumba, wa rangi ya shaba, mwili ukimeremeta kama uliopakwa mafuta, miguu yake minne ikiwa mifupi mno kwa kiwiliwili kile, na mkia umekatika. Nilimwamkia bibi wa mtoto aliyefuatana nao. Aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha, kabla sijauliza lolote, akasema: "Huyo ndiye salamanda. Tumemwona kwenye simu. Ana sumu, na tulipompiga alikatika akawa wawili."

Masimulizi yao yalikuwa haya. Saa 12 jioni mtoto alikwenda kuchukua majani makavu ya mpunga kwa ajili ya ng'ombe, katika lundo lililo nyuma ya nyumba. Akahisi kuchomwa kwenye kifundo cha mguu, akaona kitu king'aacho kikipenya chini ya majani. Kaka yake aliwahi kukipiga picha, akaiuliza simu, na simu ikajibu: salamanda. Kijana hakuiambia simu kwamba yuko Mabogini, na simu haikumuuliza. Wakasoma kwamba baadhi ya salamanda wana sumu kali, na mguu ukafungwa. Katika kituo cha kwanza walichofika waliambiwa, "Nendeni mkamlete mnyama, ndipo tujue tufanye nini." Baba akarudi nyumbani, akalifukua lundo lile kwa mikono mitupu, gizani, akimulikiwa kwa tochi ya simu, mpaka akampata. Muda wote huo mpira ulikuwa umekaza.

Mnyama yule hakuwa salamanda, wala hakuwa na sumu. Tulimwangalia mtoto kwa saa 24, na hakuonyesha dalili hata moja ya sumu. Kilichomdhuru ni mpira. Mshipa wa fahamu upitao kando ya mguu, chini kidogo ya goti, ulikuwa umebanwa kwa saa 6. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo mtoto aliuburuta wayo wake kila alipotembea.

Nimebadilisha mambo madogo ya kisa hiki ili familia isitambulike, lakini kiini chake ni hicho. Nakiandika kwa sababu naamini madhara yale yangeweza kuepukwa, na kwamba lawama si ya familia peke yake. Sisi watumishi wa afya tunatenda makosa mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, hatuwajui vya kutosha wanyama wadogo waishio majumbani mwa watu wetu, kwa hiyo hatuwezi kuwatuliza wenye hofu wala kuwaonya wenye dharau. Pili, tunadai kuletewa mnyama, kana kwamba bila yeye hatuwezi kumtibu mgonjwa aliye mbele yetu.

Salamanda ni nani, na anaishi wapi?

Salamanda ni amfibia, yaani ni wa jamaa ya vyura, ingawa kwa umbo anafanana na mjusi. Ngozi yake haina magamba. Ni laini, yenye unyevu na mara nyingi yenye ute. Hana kucha za kweli vidoleni kama mjusi, wala tundu la sikio ubavuni mwa kichwa. Duniani ziko aina zaidi ya 700, na makazi yao ni Amerika, Ulaya na Asia. Katika bara letu, salamanda wa asili wanapatikana kaskazini tu, katika nchi za Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja. Kwa hiyo mtu anayesema amekuta salamanda nyuma ya pipa la maji huko Mabogini, Kahe au Pasua, amekuta mnyama mwingine.

Habari za sumu ambazo familia ile ilizisoma hazikuwa uongo. Yuko salamanda wa Ulaya, mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye ngozi yake hutoa sumu. Yuko mwingine, wa magharibi mwa Marekani, ambaye ngozi yake ina sumu ile ile inayopatikana katika samaki bunju. Hata hivyo, sumu hizo hukaa ngozini ili kumkinga mnyama asiliwe, si menoni ili aume. Zaidi ya hayo, wanyama hao wako maelfu ya kilomita kutoka katika majaruba ya Njoro na Rau.

Jamaa wa karibu zaidi wa salamanda tulio nao katika ukanda huu ni vyura wenyewe, pamoja na amfibia wasio na miguu wenye umbo la nyungunyungu mkubwa. Hao wanaishi katika udongo wenye unyevu wa milima ya Pare na Usambara, na ng'ambo ya mpaka katika vilima vya Taita. Mwaka 2006 wanasayansi walitangaza kwamba mama wa aina moja ya Taita huwalisha watoto wake kwa ngozi yake ya nje, ambayo huwambua mwilini kidogo kidogo. Ni viumbe wa ajabu, ila hawajulikani kumdhuru mtu.

Basi aliyekuwa katika kidumu ni nani? Alikuwa mjusi wa jamii ambayo kwa Kiswahili huitwa mijusi-islamu, wale wenye magamba laini yaliyolala kama vigae na kung'aa. Aina ile huishi ardhini penye udongo tifutifu, chini ya majani, magogo na malundo ya samadi. Wanasayansi humwita Mochlus sundevallii. Miguu yake ni mifupi kwa sababu hujisukuma kwa mwili anapopenya udongoni, na akikamatwa hujinyonganyonga kwa nguvu hata mtu akadhani ni nyoka. Mkia wake hukatika kwa urahisi na kuendelea kuchezacheza peke yake, ili adui ashughulike na mkia na mwenyewe apate kutoroka. Ndiyo maana bibi alisema alikatika akawa wawili. Bibi alieleza sawasawa alichokiona. Alichokosa ni mtu wa kumweleza maana yake.

Mambo matatu ya kutazama

Watu wa Mabogini si wageni katika elimu ya namna hii. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulipokamilika mwaka 1987, kwa msaada wa Japani, mpunga umestawi, na pamoja na mpunga wakastawi mbu. Watafiti kutoka Moshi wamekuwa wakienda huko kwa miaka mingi kukusanya mbu na kuwatenganisha kwa aina, na wengi tunajua kwamba mwenezaji mkuu wa malaria katika majaruba yale ni mbu aitwaye Anopheles arabiensis. Ikiwa tuliweza kuwafundisha watu kwamba mbu si mmoja, hatushindwi kuwafundisha kwamba si kila kitambaacho ni adui. Mpunga huleta wadudu, vyura na panya, nao huwavuta mijusi na nyoka. Watu wa huko wataendelea kukutana nao.

Napendekeza mambo matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyatazama akiwa mbali, bila kumgusa mnyama.

La kwanza ni miguu. Ikiwa ana miguu minne na mkia, ni mjusi wa aina fulani. Hapa Tanzania hakuna mjusi anayejulikana kuhatarisha maisha ya mtu kwa sumu ya kuuma. Mijusi wanaosifika duniani kwa sumu hiyo wanaishi Meksiko na nchi jirani. Kenge akikamatwa anaweza kung'ata na kuparura vibaya, na jeraha lake lisafishwe vizuri na mgonjwa akingwe dhidi ya pepopunda. Lakini hilo ni jeraha kama majeraha mengine.

La pili ni ngozi. Ikiwa kavu na ina magamba, ni mjusi. Ikiwa ina unyevu na haina magamba, ni wa jamaa ya vyura. Anayemshika chura anawe mikono kwa sabuni na asijiguse macho, kwa sababu baadhi ya vyura wana sumu ngozini.

La tatu ndilo muhimu kupita yote: ikiwa hana miguu, mhesabu kuwa ni nyoka. Usijaribu kubaini kama ni nyungunyungu, ni nyoka kipofu asiye na madhara, au ni mjusi aliyezaliwa bila miguu. Ondoka, waondoe watoto, acha njia ya yeye kutokea.

Kuhusu mjusi-kafiri wa ukutani, ambaye wengi huamini kwamba akikojolea chakula watu watakufa, neno langu ni la kadiri. Hana sumu. Kinyesi chake kinaweza kuwa na bakteria wa salmonela, wanaosababisha kuhara na homa. Dawa yake ni kufunika chakula na maji, kufuta meza na kunawa mikono. Usiku kucha anakula wadudu nyumbani mwako, na hakudai ujira.

Madhara ya dharau

Ningekuwa nimekosea kama ningeishia kusema kwamba watu waache hofu. Mwaka mmoja baada ya mtoto yule, alikuja mkulima wa makamo ambaye kidole chake cha shahada kilikuwa cheusi nchani. Siku 5 kabla, alipokuwa akizibua mfereji, alimkuta nyoka mwembamba, mweusi, mwenye kichwa kidogo kisichotofautiana na mkia. Alidhani ni nyoka kipofu tu, akamwinua kwa kumshika nyuma ya kichwa, namna wengi wanavyoamini kuwa ni salama. Nyoka akamchoma bila kufumbua kinywa. Kituoni aliambiwa, "Hako hakana neno," akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Maelezo yake yalilingana na nyoka wachimbaji wa jamii ya Atractaspis. Meno yao marefu yanaweza kujitokeza pembeni mwa kinywa kilichofungwa, kwa hiyo hakuna namna salama ya kuwashika kwa mkono. Sumu yao huleta maumivu makali, uvimbe na malengelenge, na nyama ya kidole inaweza kufa. Hakuna dawa ya kupambana na sumu inayowafaa. Mgonjwa hutibiwa kwa kupunguziwa maumivu, kuangaliwa moyo na kutunzwa jeraha. Nilimkata sehemu ya kidole kile.

Mtoto aliumizwa na hofu juu ya mnyama asiye na madhara, na mkulima akaumizwa na dharau juu ya mnyama mwenye madhara. Katika visa vyote viwili kulikuwa na mtumishi wa afya aliyetegemea jina la mnyama badala ya kumtazama mgonjwa.

Mgonjwa kwanza

Wenzangu huniuliza, "Bila kumwona nyoka, tutajuaje dawa ya kumpa mgonjwa?" Ni swali la haki, na nina majibu matatu.

Kwanza, dawa nyingi za kupambana na sumu zinazotumika katika ukanda wetu hutengenezwa dhidi ya nyoka wa aina kadhaa kwa pamoja, na uamuzi wa kuzitoa hutegemea dalili. Uvimbe unaopanda haraka kutoka palipoumwa, kutokwa damu kwenye fizi au jeraha, kope zinazolegea, kushindwa kumeza, kupumua kwa shida: hizo ndizo zinazotuambia tufanye nini. Kipo pia kipimo ambacho zahanati yoyote inaweza kukifanya. Weka mililita 2 za damu ya mshipa katika chupa ndogo ya kioo, kavu na isiyo na mabaki ya sabuni. Iache bila kuitikisa kwa dakika 20, kisha uiinamishe mara moja. Damu ikiwa bado inatiririka kama maji, mgonjwa yumo hatarini. Asiye na dalili aangaliwe kwa saa 24, dalili na kipimo vikirudiwa, na asipewe dawa hiyo kwa tahadhari tu, kwani yenyewe inaweza kuleta mzio mkali.

Pili, mnyama anayeletwa huenda si yule aliyeuma. Baba wa mtoto alimkamata kiumbe wa kwanza aliyemkuta katika lundo. Kama kifutu ndiye aliyeuma na akaondoka zake, na sisi tukamtazama mjusi yule na kusema, "Nendeni nyumbani," tungemrudisha mtoto kwenda kufa. Ndiyo maana tulimwangalia saa 24, ingawa nilikuwa nimekwisha kumtambua mnyama.

Tatu, anayetumwa kumtafuta nyoka anaweza kuwa mgonjwa wa pili. Nyoka aliyekufa naye anaweza kung'ata, kwa sababu misuli ya taya huendelea kuitikia kwa muda. Kama mtu ameweza kupiga picha akiwa mbali na bila kuchelewa, tuipokee kwa shukrani. Picha inatosha, na hata ikikosekana matibabu yasisubiri.

Kwa jamaa wa mgonjwa, namna ya kusaidia ni nyepesi kusema na ngumu kutenda wakati wa fadhaa. Mwondoe mahali pale, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili na viatu vinavyobana. Mguu au mkono ulioumwa utulizwe kwa kipande cha ubao, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Andika saa aliyoumwa. Mpeleke hospitali mara moja. Usifunge kamba wala mpira, usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, usibandike jiwe jeusi. Aliyetemewa sumu machoni na swila aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi.

Na kwa watumishi wenzangu: mgonjwa akifika amekwisha kufungwa, usikate kamba ile kwa pupa. Weka kwanza njia ya dripu, andaa dawa ya mzio na kifaa cha kusaidia pumzi, ndipo uilegeze ukiwa umesimama pale pale. Lakini usiiache ikae kwa sababu tu unamsubiri mtu aliyekwenda kufukua lundo la majani.

Kwa nini tulichukulie kwa uzito

Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017. Linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo duniani, na wengine wengi zaidi hubaki na ulemavu. Mwaka 2019 lilitangaza mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Makadirio hayo yanawahusu hasa wakulima na watoto wa vijijini, yaani wale wale wanaoshika maji usiku na kuchukua majani ya ng'ombe jioni. Dawa ni ghali na mara nyingi haipo. Maarifa ya kutomfunga mtu mguu hayahitaji bohari.

Wapo watakaosema kwamba njia rahisi ni kuua kila kitambaacho. Sikubaliani nao. Anayemfukuza nyoka kwa fimbo anajisogeza karibu na meno yake, na anayewamaliza mijusi amewapa wadudu nafasi. Afadhali tufanye yaliyo mikononi mwetu: malundo ya majani na kuni yawe mbali na nyumba, panya wadhibitiwe ghalani, mtu atembee na tochi na viatu usiku, na wanaolala chini walale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Chandarua kile tulichokileta kwa ajili ya mbu kinamzuia na swila pia.

Ninaomba jambo moja kwa waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya vya ukanda wa chini wa Moshi. Bandikeni ukutani karatasi moja yenye mistari mitatu: asiye na miguu ahesabiwe nyoka; usifunge; usimtume mtu kumtafuta mnyama. Na mtu akija na picha au kidumu akiuliza ni mnyama gani, asichekwe. Ajibiwe kwa heshima, na kama jina halijulikani, aambiwe hivyo, kisha achunguzwe yeye.

Mtoto yule alirudi kliniki baada ya miezi kadhaa, akitembea vizuri zaidi. Bibi yake aliniuliza kama mijusi wale bado wako katika lundo. Nilimwambia huenda wako. Akasema, "Basi na wakae. Ila lundo tumelihamisha."